Mali Bila Daftari: Chanzo cha Ziwa na Chanzo cha Habari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ina harufu ya duka na bandari, nayo iliwafaa kwanza watu wa biashara. Lakini maarifa nayo ni mali, na mtu ayawekaye bila daftari hupata hasara ile ile impatayo muuza nguo asiyeandika nani amekopa na nani amelipa. Daftari ya maarifa ni kutaja chanzo: kusema, pale pale neno linaposemwa, kuwa limetoka kwa nani, lilipatikana wapi na katika mwaka gani. Wanachuo wengi huiona kazi hii kuwa adhabu iliyobuniwa na waalimu. Huandika insha nzima kwa raha, kisha wakarundika majina ya vitabu mwishoni kama mtu atiaye kuni uani, bila ya kuonyesha ni ukuni upi uliopika chakula kipi. Historia ya pwani ya Ziwa Viktoria, hasa upande wa Mwanza na Ukerewe, yaonyesha kuwa jambo hili si adhabu wala pambo. Katika pwani hiyo watu waligombana kwa miaka mingi juu ya chanzo cha mto Naili, na ukiutazama ugomvi wao kwa makini waona kuwa ulikuwa pia ugomvi juu ya chanzo cha habari.

Katikati ya karne ya 19 wamisionari wa Kijerumani waliotumwa na chama cha kanisa la Kiingereza walikaa Rabai, nyuma ya Mombasa. Wawili kati yao, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, walikuwa na hamu ya kujua bara lilivyo. Hawakuweza kwenda mbali, basi wakafanya lililowezekana: waliwauliza wasafiri. Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa katika mwaka wa 1854, akasikiliza habari za watu waliokwenda na misafara ya pembe na watumwa. Watu wa njia ya kaskazini walimwambia kuwa safari yao ilikoma penye maji makubwa. Watu wa njia ya katikati, ile ipitayo Unyamwezi, walimwambia vivyo hivyo. Na watu wa njia ya kusini, ile itokayo Kilwa, walisema maneno hayo hayo. Erhardt akapiga hesabu yake: ikiwa njia tatu zote zakoma majini, basi maji hayo ni mamoja. Akachora ramani yenye bahari moja kubwa katikati ya Afrika, bahari iliyopinda na kunenepa mfano wa koa, yaani konokono asiye na nyumba. Ramani hiyo ilitangazwa Ulaya katika miaka ya 1855 na 1856, nayo ilikuwa sababu mojawapo iliyowafanya wakuu wa chama cha jiografia cha London wamtume Richard Burton pamoja na John Hanning Speke.

Wengine waliwacheka wamisionari wale. Lakini kicheko si haki. Mashahidi wao hawakusema uongo. Mtu wa Kilwa alikuwa ameona Ziwa Nyasa, au amewasikia walioliona. Mtu wa njia ya Ujiji alikuwa na habari za Tanganyika. Mtu wa kaskazini alikuwa na habari za Nyanza. Kila mmoja alisema kweli yake. Kosa liliingia pale kweli tatu zilipomiminwa katika chungu kimoja na majina ya wenyewe yakaachwa nje. Lau ramani ile ingalichorwa na kila ufuko wa maji ukaandikiwa kando yake ni msafiri gani aliyeusimulia na alishika njia gani, msomaji wa London angaliweza kuona kuwa hapana shahidi hata mmoja aliyesema kuwa maji ya Kilwa na maji ya Unyamwezi yameungana. Kuungana kwake kulikuwa ni mawazo ya mchoraji. Lakini ramani haikumwonyesha mtu mpaka uliopo kati ya neno la shahidi na neno la mchoraji. Na mpaka huo ndio kazi ya kwanza ya kutaja chanzo.

Marekebisho nayo yalitoka katika kinywa chenye jina. Burton na Speke walipofika Kaze, mahali palipo karibu na Tabora ya leo, katika Novemba ya 1857, walipokewa na mfanya biashara wa Kiarabu aliyeitwa Snay bin Amir. Speke aeleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1864 kuwa Snay ndiye aliyewaambia kuwa bahari ile ya wamisionari si moja bali ni tatu: Nyasa, ziwa la Ujiji, na ziwa la Ukerewe lililo kubwa kuliko la Ujiji. Hivyo koa yule aliyetisha Ulaya alikatwa vipande vitatu na mtu mmoja aliyekuwa akiishi bara, mwenye kuzijua njia kwa miguu na kwa hesabu za bidhaa zake. Na kwa kuwa Speke alimtaja kwa jina, msomaji wa leo aweza kumpa Snay bin Amir heshima yake. Neno moja lililoandikwa pamoja na mwenyewe limedumu zaidi ya miaka 160.

Speke aliondoka Kaze katika Julai ya 1858 akamwacha Burton mgonjwa. Mkalimani na kiongozi wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Kiyao aliyechukuliwa utumwani utotoni akapelekwa India, akajifunza Kihindi huko. Tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilima kilicho karibu na Mwanza ya leo, Speke alitazama kaskazini akaona maji yasiyo na ukingo. Alikaa huko siku chache tu. Mwenyeji wake alikuwa mtemi aliyemwita Mahaya. Speke hakuwa na mtumbwi wa kumfikisha ng'ambo wala hakuwa na wakati, basi akauliza. Aliletewa mtu aliyesifiwa kuwa msafiri mkubwa kuliko wote wa mahali pale, akaulizwa ziwa lafika wapi. Speke aandika kuwa mtu yule aligeukia kaskazini, akatikisa kichwa, akarusha mkono wake wa kulia mbele na kualika vidole mara nyingi kama atakaye kuonyesha kitu kisicho na kipimo. Kisha akasema kuwa hapana ajuaye, ila yeye adhani lafika mwisho wa ulimwengu.

Katika habari hii yapo mambo mawili ya kutazamwa, moja la sifa na moja la lawama. La sifa ni kuwa Speke hakuificha hali ya ushahidi wake. Angaliweza kuandika kuwa ziwa lafika mbali sana kaskazini, akanyamaza, na wasomaji wangalidhani kuwa amelipima. Badala yake alionyesha mkono wa mtu, vidole vyake na neno lake la shaka, na kwa sababu hiyo kila mtu aweza kupima uzito wa neno hilo. Aidha, juu ya kimo cha ziwa alitaja chombo chake: alitia kipimajoto katika maji yachemkayo, akapata kimo cha takriban futi 3,700 juu ya bahari. Upimaji wa siku hizi watoa mita 1,134, nazo hazitofautiani sana na hesabu yake. La lawama ni kuwa msafiri yule hakutajwa jina. Mahaya ametajwa, chombo kimetajwa, na ziwa lenyewe likapewa jina la malkia wa Uingereza ambaye hakuliona hata siku moja. Lakini mtu wa Mwanza aliyesimama ufukoni akatoa ushahidi uliokwenda kusomwa London amebaki ‘msafiri mkubwa wa mahali pale’. Hapana mjukuu awezaye kusema, ‘Huyu alikuwa babu yetu.’ Jina la ghuba ni la Speke hata leo. Jina la shahidi halipo.

Burton hakukubali kuwa Nyanza ndiyo chanzo cha Naili. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1860 juu ya nchi za maziwa alishambulia hasa njia ambayo habari zilipitia. Alisema kuwa Speke hakujua Kiarabu wala lugha za bara, kwa hiyo swali lake lilitoka kwa Kihindi kibovu, likaingia kwa Bombay, likageuzwa Kiswahili, likapelekwa kwa mtu mwingine aliyeligeuza tena lugha ya wenyeji. Na jibu likarudi kwa ngazi zile zile, likipoteza kitu katika kila ngazi. Burton alikuwa na wivu, na wivu si hoja. Hata hivyo maneno yake yana mafunzo. Yeye aliweza kuhesabu ngazi kwa sababu alizijua, alikuwamo safarini. Msomaji wa kawaida hawezi kuzijua ila akiambiwa. Mtu aandikaye ‘wenyeji walisema’ ilhali kati yake na wenyeji walikuwamo wakalimani wawili amefuta ngazi mbili katika daftari yake.

Mwisho wa ugomvi wajulikana. Speke alirudi, akayaona maji yakitoka ziwani mahali palipo karibu na Jinja katika Julai ya 1862, akatoa kitabu mwaka wa 1863, akafa kwa risasi ya bunduki yake tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya kukabiliana na Burton mbele ya wataalamu mjini Bath. Ubishi haukufa naye. Wako walioshika kuwa Nyanza si ziwa moja bali ni maziwa mengi. Henry Morton Stanley ndiye aliyeukata, kwani kati ya Machi na Mei ya 1875 alilizunguka ziwa kwa mashua yake iitwayo Lady Alice, akitoka Kageyi, mashariki ya Mwanza, na kurudi hapo hapo. Speke alikuwa amesema kweli katika jambo kubwa, lakini alikuwa amesema zaidi ya aliyoyaona. Miaka 17 ilipita kati ya kilima cha Mwanza na mashua ya Stanley, na muda wote huo watu wenye elimu walipimana kwa matusi, kwa sababu neno la jicho na neno la sikio na neno la dhana yalikuwa yamesukwa ukili mmoja.

Watu wa pwani ya bahari walikuwa na dawa ya ugonjwa huu tangu zamani. Katika elimu ya hadithi za Mtume, neno halipokewi mpaka litajwe na isnadi yake: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kufika kwa aliyesikia kwa masikio yake. Mwanachuoni hatazami maneno peke yake. Hutazama pia mnyororo, akauliza kama kila pete ni nzima, na kama mtu huyu kweli aliweza kukutana na yule. Mtu aliyesoma chuoni Bagamoyo au Lamu hakuhitaji kufundishwa na Ulaya kuwa habari ina wapokezi. Watu wa bara nao walikuwa na desturi ya jamaa hiyo, kwani mzee asimuliapo nasaba ya watawala huanza kwa kusema kuwa hivyo ndivyo alivyoambiwa na baba yake au na babu yake. Kutaja chanzo, basi, si mgeni aliyekuja na meli. Ni mwenyeji aliyebadilishiwa nguo.

Lakini vitabu vilipoanza kupigwa chapa, mara nyingi mpokezi wa mwisho alikaa kitini na wa kwanza akasimama mlangoni. Mfano uliojulikana sana ni ule wa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka wa 1900 kufundisha Kiswahili. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa Göttingen mwaka wa 1903 kilijulikana miaka mingi kwa jina la Carl Velten, aliyekusanya na kutengeneza, ingawa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya kalamu ya Mtoro. Tafsiri ya Kiingereza iliyotengenezwa na J. W. T. Allen ilipotoka mwaka wa 1981, jina la Mtoro liliwekwa katika anwani. Ilichukua miaka 78 kwa mwenye mali kuandikwa katika daftari.

Ukerewe, kisiwa kinachoonekana kama mlinzi wa Ghuba ya Speke, kina habari yake katika jambo hili. Aniceti Kitereza alizaliwa huko mwaka wa 1896 katika ukoo wa watawala. Alisoma katika misheni ya Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya upande wa Bukoba, akajua lugha nyingi za wageni bila ya kuisahau yake. Alipoona kuwa vijana waanza kupoteza desturi za wazee wao, alitunga kitabu kikubwa kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka wa 1945. Hapakuwa na mchapaji wa Kikerewe. Miaka ilipita, mpaka yeye mwenyewe akakigeuza Kiswahili, nacho kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka wa 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alikufa mwaka wa 1981 kabla ya kukipokea mkononi.

Mtu huyu alikuwa pia chanzo cha habari kwa wengine. Mwanahistoria Gerald Hartwig wa Marekani alikaa Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwasikiliza wazee, na Kitereza akawa mmoja wa waalimu wake. Kitabu cha Hartwig juu ya Wakerewe na biashara ya masafa marefu kati ya mwaka wa 1800 na 1895 kilitoka mwaka wa 1976. Lakini kabla yake, mwaka wa 1972, Hartwig na mkewe Charlotte walitoa makala iliyomtaja Kitereza kwa jina na kumweleza kuwa ni mtunzi, wakati ambapo kitabu chake kilikuwa bado ni karatasi zilizofungwa kamba. Tazama tofauti iliyopo kati ya makala hiyo na kilima cha mwaka wa 1858. Mtafiti mmoja alikutana na mjuzi wa ziwa akaandika ishara ya vidole vyake. Mtafiti mwingine alikutana na mjuzi wa ziwa akaandika jina lake. Yule wa kwanza ametoweka. Huyu wa pili asomwa leo kwa Kiswahili, kwa Kijerumani na kwa Kiingereza.

Siku hizi wanachuo wa Nyegezi, katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilicho ufukoni mwa ziwa hilo hilo, na wenzao wa vyuo vingine, huandika tasnifu juu ya uvuvi, pamba, ndoa na utemi. Wanazo kanuni za kuandika jina, mwaka na ukurasa katika mabano. Kanuni ni njema, ila kanuni yaweza kushikwa kwa mkono na kuachwa kwa moyo. Chukua aya ya mfano. Mwanachuo aandika kuwa Wakerewe waliuza pembe za ndovu kwa Waarabu katika karne ya 19. Kuwa mtawala wao aliwapa wageni mitumbwi. Kuwa wazee wanasema biashara hiyo ilileta magonjwa. Na mwisho wa aya atia mabano: (Hartwig, 1976). Aya yaonekana safi. Walakini msomaji amefungwa macho. Je, jina lile limebeba maneno yote, au la mwisho tu? Na wale wazee ni wa Hartwig waliosema miaka sitini iliyopita, au ni wa mwanachuo aliyewauliza mwaka huu? Mabano mamoja yamefanywa kuwa ramani ya Erhardt: njia tatu, ziwa moja.

Aya hiyo hiyo yaweza kuandikwa kwa haki bila ya kuongeza taabu nyingi. Mwanachuo aseme kuwa Hartwig, katika kitabu chake cha mwaka wa 1976 na ukurasa kadhaa, aeleza habari za biashara ya pembe na magonjwa yaliyofuatana nayo. Aseme kuwa Stanley, aliyefika Ukerewe mwaka wa 1875, asimulia mwenyewe jinsi alivyopewa mitumbwi na mtawala Lukonge. Na kama hakukisoma kitabu cha Stanley bali amekuta neno hilo ndani ya kitabu cha mwingine, aseme hivyo, maana hakuna aibu kwa mtu kunywa maji ya mtungi, aibu ni kudai ameyachota kisimani. Kisha amtaje mzee aliyemwuliza: jina lake ikiwa ameridhia, kijiji chake, siku waliyozungumza, lugha waliyotumia, na zaidi ya yote, kama mzee aliyaona mambo au aliambiwa, na aliambiwa na nani. Mwisho, kama ana wazo lake mwenyewe, aliandike likiwa na mlango wake: ‘kwa hiyo yaelekea kuwa’. Hapo msomaji aona maziwa matatu na mtu anayeyatazama.

Neno lililo hatari kuliko yote katika kazi za namna hii ni ‘inasemekana’. Neno hili ni kama mgeni aingiaye karamuni bila ya kualikwa, akala na kuondoka, na hapana ajuaye alitoka nyumba ipi. Hurudiwa katika kazi nyingi kuwa jina la Mwanza limetokana na neno nyanza, lililogeuzwa na vinywa vya wageni. Yawezekana kuwa ni kweli, na lugha yenyewe yaelekea kukubali. Lakini kazi kumi zikirudia neno moja bila ya kusema limetoka wapi, hazikuwa mashahidi kumi. Ni mwangwi kumi wa sauti moja. Mwanachuo atakaye kulishika neno hilo na amtafute aliyelisema kwanza, au mzee wa Kisukuma awezaye kulieleza, amtaje. Na asipompata, aliache au aseme kuwa ni dhana yake.

Pia kuna kazi za watu waliotangulia zinazomtaka mwanachuo apite mlangoni asikae kizingitini. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alitoa kitabu juu ya sheria na desturi za Wasukuma mwaka wa 1953, na kabla yake, mwaka wa 1951, kijitabu juu ya ibada za mtemi. Katika kitabu cha sheria desturi hupangwa na kunyoshwa ili hakimu azitumie. Lakini karatasi za Cory zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Bujora, karibu na Kisesa, yako makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa kwa juhudi ya Padre David Clement. Mwanachuo aandikaye juu ya utemi akamtaja Cory peke yake amemtaja mpokezi. Akienda kwenye karatasi, na kwenye vyombo vya Bujora, na kwa wazee walio hai, akasema katika kila aya ametoka wapi kati ya hizo, ataweza kuona hata pale vyanzo vinapopingana. Na pale ndipo historia inapoanza kusema.

Yupo atakayesema kuwa haya ni mambo ya wasomi na hayamgusi mtu wa kawaida. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilipinduka na kuzama karibu na Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na wengi walizikwa Igoma. Idadi inayotajwa mara nyingi ni 894. Lakini katika kazi nyingine msomaji hukuta tarakimu ndogo kuliko hiyo kwa mamia, na katika nyingine hukuta elfu moja. Tofauti hii ina sababu: imeelezwa kuwa orodha ya abiria ilikuwapo kwa madaraja ya juu, ilhali wale wa daraja la tatu, la bei nafuu, hawakuandikwa majina. Maskini walipanda bila daftari, wakapotea bila habari. Mwanachuo akiandika idadi ya waliokufa bila ya kusema ameitoa wapi, na ilihesabiwa na nani, na kama ilihesabu maiti zilizopatikana au watu waliodhaniwa kuwamo, huwatupa mara ya pili watu waliokwisha tupwa mara moja. Lakini akiandika idadi pamoja na chanzo chake, msomaji ataona palipo na pengo, na atajua kuwa katika pengo lile wamo watu.

Zipo hoja mbili za kupinga, nazo zastahili jibu. Ya kwanza ni kuwa majina na miaka huharibu utamu wa lugha. Ni kweli kuwa mabano mengi hukwaza jicho kama mawe njiani. Lakini Kiswahili kina maneno mengi ya kupokelea habari: kwa mujibu wa, kama asimuliavyo, alivyoshuhudia, apingavyo. Mwandishi hodari huyatia majina ndani ya mwendo wa sentensi yakawa watu wanaozungumza. Aya ya Speke iliyo na mkono wa msafiri ni tamu kuliko sentensi kavu isemayo kuwa ziwa ni refu. Hoja ya pili ni kuwa mzee pengine haogopi kusema lakini aogopa kuandikwa, hasa katika habari za ardhi, uchawi au ugomvi wa ukoo. Hoja hii ni nzito, na heshima yamtaka mwanachuo amfiche mzee aliyeomba kufichwa. Hata hivyo kumficha si kumfuta. Aweza kuandika kuwa ni mzee wa kiume, mvuvi wa kisiwa fulani, aliyeyaona mambo kwa macho yake, na kuwa jina limezuiwa kwa ombi lake. Msomaji atajua kuwa shahidi yupo, na kwa nini uso wake umefunikwa.

Dawa ya deni ni kulipa, na maarifa yote ni deni. Mwandishi hulipa kwa sarafu nyepesi: jina, mahali, mwaka, ukurasa. Hailipi mwishoni mwa kitabu tu, ambako wadai wote wamefungiwa chumba kimoja na hapana ajuaye nani adai nini. Hulipa papo kwa papo, ndani ya aya, mkononi mwa mwenyewe. Wafanya biashara waliotembea kutoka Pangani na Bagamoyo mpaka ufuko wa Nyanza walijua kuwa mzigo usioandikwa jina huokotwa na yeyote. Msafiri wa Mwanza aliyealika vidole mbele ya Speke alibeba mzigo mkubwa, nao uliokotwa. Wazee waketio leo chini ya miembe ya Ukerewe, Magu na Sengerema bado wana mizigo yao, na wanachuo wawaendeao na daftari wana uwezo ambao Speke alikuwa nao akauacha: kuuliza, ‘Mzee, jina lako nani?’, na kuliandika jibu mbele ya neno lake.